Ukucha Nyuma ya Jino la Chiriku

Chumba cha uani,
Nyuma ya duka la vioo.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, na uzipokee umekaa, maana barua hii ni ndefu na miguu yako naijua. Uvimbe wa vifundo umepungua? Dawa unazimeza, au bado unazificha chini ya godoro kama ulivyokuwa ukificha kwinini? Usinijibu kwamba umepona kwa sababu tu hutaki maneno. Na macho je? Kama herufi zinakuchezea, mpe mwanao akusomee, lakini mwambie asome yote, asiruke pale ninapojitukana.

Mimi mzima. Magoti yananung'unika asubuhi, mchana yanachoka kunung'unika. Presha iko palepale, hainipandi wala hainiombi radhi. Mwanangu bado yuko kwenye kazi ya barabara, anakuja mwisho wa mwezi na nguo chafu za kutosha kujaza ua mzima. Nyumbani wote wazima isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyenikalisha hapa na kalamu.

Umeona nimekuandikia "mdogo wangu". Najua umeshtuka. Tangu utotoni mimi nakuita Kucha. Kwenye simu Kucha, mbele ya wakwe zako Kucha, hata siku ya kumzika shemeji yangu nilikubembeleza kwa jina hilohilo. Leo limenikwama. Soma utaona kwa nini.

Ningeweza kupiga simu. Lakini nikisikia tu sauti yako nitaanza kukugombeza, ndivyo nilivyoumbwa, na safari hii wa kugombezwa si wewe. Kalamu inanipunguza mwendo. Yale madarasa machache niliyosoma yalinipa herufi, hayakunifundisha kukimbia nazo.

Unamkumbuka Chiriku, binti wa mwanangu. Jina hilo tulimpa wenyewe kwa sababu ya domo lake: anaamka anaongea, anakula anaongea, amelala anaongea. Meno ya utoto yalipomtoka tukafikiri tutapumzika kidogo. Wapi! Aliongea na mapengo yake hivyohivyo, mate yakituruka usoni.

Basi meno makubwa yakaanza kuota. Moja la juu, la mbele kabisa, lilikuja na kitu mgongoni. Ukimtazama usoni huoni lolote, jino zuri, jeupe. Lakini ukimwinamisha kichwa nyuma unakuta kipande kingine cha jino kimeota nyuma ya jino, kimechongoka, kimejikunja kama ukucha wa ndege. Kilikuwa kinamkwaruza ulimi, na akifunga mdomo kinagonga jino la chini.

Mama yake alisema atampeleka kwa daktari wa meno akipata ruhusa. Mkaza mwanangu anafua mashuka kwenye nyumba ya wageni, na ruhusa ya kule inatoka kwa shida kama maji ya bomba letu. Mimi nikasema moyoni, daktari wa nini? Mikono yangu imekufa?

Kazi yangu unaijua. Kule karakana ya samani, wanaume walikata, wakapiga randa, wakagongomea misumari, wakajisifu. Halafu kiti kikaletwa kwangu. Mimi nilikipiga msasa mpaka nzi akitua anateleza. Fundi mkuu hakuruhusu kitanda kitoke mlangoni kabla sijakipitishia kiganja. Kidole changu kikisema hapa pana kinundu, basi pana kinundu, hata kama macho ya watu kumi hayakioni. Nimeishi kwa kidole hiki. Na ugonjwa wangu ndio huo: sijui kuona kinundu nikakiacha.

Ninayo tupa ndogo ya pembe tatu, ile ya kunolea misumeno. Niliondoka nayo nilipostaafu, na usiulize niliondoka nayo vipi. Nikaichemsha kwenye sufuria safi. Nikamkalisha Chiriku kwenye kigoda mlangoni penye mwanga, kichwa chake nikakilaza mapajani mwangu, nikaanza. Ilikuwa mchana, mama yake yuko kazini. Nikakwangua kidogo, kesho yake kidogo tena. Jino ni gumu, si mbao ya mchezo. Mtoto miguu ilimtetemeka. Nikamwambia, "Tulia wewe, bibi yako amelainisha vitanda vya wakubwa, sembuse kijino." Nikamwambia pia asimwambie mama yake, eti tutamshangaza.

Hapo, mdogo wangu, hapo ndipo uso wangu unapowaka nikipakumbuka. Mtu anayefanya jema hamfundishi mtoto kuficha.

Siku ya mwisho tupa ilipita laini kabisa. Nikapuliza, kama ninavyopuliza vumbi la mbao, nikainamia kutazama kazi yangu. Katikati ya pale nilipolainisha palikuwa na nukta nyekundu, ndogo kama kichwa cha pini. Nikaifuta. Ikarudi. Nikaifuta tena, Chiriku akapiga ukelele, jirani wa duka la vioo akauliza kuna nini.

Mbao haitoi damu. Maisha yangu yote nimelainisha vitu visivyo na damu, nikadhani nimeijua dunia.

Nikampa maji ya chumvi asukutue. Nikasema kitapoa. Hakikupoa. Siku chache baadaye aliamka mdomo wa juu umefura, na kwenye ufizi pametokea kipele cha usaha. Chiriku akaacha kuongea. Nyumba ikawa kama karakana siku umeme umekatika, kila mtu anasikia kikohozi cha mwenzake.

Mkaza mwanangu alipomfumbua mdomo akaona, hakupiga kelele. Alivaa viatu tu, akamshika mtoto mkono. Hakungoja ruhusa ya mtu. Na mimi nikavaa gauni langu zuri nikawafuata. Usidhani nilikwenda kwa huruma peke yake. Nilikwenda kulinda jina langu.

Kliniki ya meno iko ghorofani, juu ya duka la rangi, ngazi zake zinanuka tapentaini. Chumba ni kimoja, kiti ni kimoja, kile kinacholala, na ukutani kuna rafu iliyojaa sanamu za meno za plasta, zimepangwa kama miche ya sabuni. Daktari ni mwanamke, bado mbichi, sauti yake ya chini mpaka inabidi unyamaze ndipo umsikie. Mimi na kunyamaza unatujua.

Akamtazama Chiriku kwa muda. Akauliza, "Nani amelikwangua jino hili?"

Chiriku akatazama dari. Mtoto huyu anayeweza kumshtaki paka kwa maziwa yaliyomwagwa na mwingine, hakunitaja.

"Mimi," nikasema. "Na tupa niliichemsha."

"Umefanya vizuri kuichemsha, bibi," daktari akasema. "Lakini hicho hakikuwa kinundu. Ukucha huu ndani yake una nyama hai na mshipa, sawasawa na jino lenyewe. Umeukwangua mpaka umefungua mlango, na uchafu umeingia."

Akanieleza kwamba hata wao wakiukata, wanaukata kidogo mno, wanapaka dawa, wanasubiri majuma mengi jino lijijengee ukuta kwa ndani, ndipo wanarudia. Na usiposumbua wanauacha mahali pake. Kusubiri! Mimi sijawahi kusubiri kiti kijilainishe chenyewe. Akapiga picha ya eksirei, akatuonyesha kwamba mzizi wa jino la Chiriku bado ni mchanga, haujafunga chini. Jino likifa sasa, mzizi utabaki hivyo, mwembamba kama ganda la yai. Dawa ikiwekwa mapema na kubadilishwa kwa wakati, huenda likapona. Huenda. Neno hilo nimelala nalo tangu siku hiyo.

Kisha akauliza lile swali. Alisema meno ya namna hii mara nyingi yanarithiwa. Yeye anazunguka kutazama vinywa vya familia za huku, za wenyeji wa kwanza na zile zilizochanganyika nao, kwa sababu vitabu alivyosomea viliandikwa na watu waliotazama vinywa vya watu wengine. Katika familia hizo ameshaona kucha za namna hii zaidi ya mara moja. "Kwenu ni nani mwenye nao?" akauliza.

Wenyeji wa kwanza unawajua. Ni wale waliokuwa kwenye nchi kabla ya wazee wetu kuja na majembe, wale ambao mimi na wewe tulilelewa tukiwaita watu wa porini. Na unajua baba yake mkaza mwanangu, fundi viatu, ni wao, wala hajawahi kuficha. Unajua pia siku ya harusi ya mwanangu nilivyokataa kusimama upande wa huyo fundi viatu kwenye picha.

Basi nikanyoosha kidole. Hiki hiki. Nikasema, "Muulize huyu, ni mambo ya kwao hayo. Kwetu sisi hakuna. Kwetu meno safi."

Nilisema "hakuna" huku jina lako nimelikalia. Usije ukanitetea kwamba nilisahau, maana wewe una tabia ya kutetea wakosaji. Sikusahau. Nilikuona palepale mbele yangu, mtoto mdogo umekaa kwenye gunia la makaa, umefumbua mdomo, sisi wengine tumepanga foleni kuuchungulia ukucha wako, na mimi ndiye mkuu wa foleni. Nilikuona, na bado nikasema hakuna.

Halafu Chiriku, mdomo umefura, maneno yanatoka kama yamefungwa kwenye blanketi, akasema: "Bibi, kwani bibi mdogo unamwita Kucha kwa nini?"

Hakuwa ananiumbua. Alikuwa anauliza tu, kama anavyouliza kwa nini mwezi unatufuata. Daktari akashusha kioo chake. Mkaza mwanangu akanitazama usoni, kisha akashusha macho akatazama viatu vyangu. Viatu vile soli yake aliitia baba yake, na hakunitoza kitu.

Mdogo wangu, nimewahi kuanguka sokoni nguo ikaniruka kichwani. Nimewahi kumsifia marehemu ambaye siye, kwenye msiba ambao sio. Niliinuka nikajipangusa. Siku ile pale kwenye kliniki sikujua nijipanguse wapi.

Daktari hakunisema. Afadhali angenisema, ningemjibu. Alituomba sote tufumbue midomo, tumsaidie kazi yake. Akaanza na mkaza mwanangu. Nyuma ya meno yake ya mbele ni pasafi, laini kama sahani, hakuna ukucha, hakuna chochote. Kisha akanikaribisha mimi. Akajaza uji mzito wa rangi ya waridi kwenye chuma kilichopinda, akanitia mdomoni mpaka machozi yakanitoka, ukaganda, akautoa. Akamimina plasta. Tulipokuwa tunasubiri dawa ya Chiriku ishike, sanamu yangu ikawa tayari, akanipa niishike.

Unajua nilichofanya. Nilipitisha kidole. Mbele laini. Nyuma, kila jino la mbele la juu limechimbika katikati na limenyanyuka kingo huku na huku, kama kijiko. Vijiko vinne vimejipanga. Ulimi wangu umelala humo miaka yote hii na haukuniambia kitu, ila kidole kikajua mara moja. Na kidole changu hakijawahi kunidanganya.

"Meno ya vijiko," daktari akasema. "Nayo yanarithiwa."

Nikamwuliza, "Kwa hiyo mimi ni wao?" Sauti ilinitoka nyembamba, ungecheka.

"Jino si kitambulisho, bibi," akasema. "Meno ya vijiko yako kwa watu wengi duniani, mahali pengine wengi, mahali pengine wachache. Mimi linaniambia tu nitazame kwa makini nisiharibu kitu. Habari ya wewe ni nani, waulize wazee wako."

Wazee wangu wamekwisha. Aliyebaki ni wewe.

Kwa hiyo nakuuliza, na unijibu kweli. Bibi yetu mzaa mama, wewe ndiye uliyelala chumbani kwake mpaka anafariki. Sisi tuliambiwa alitoka kwa wachuuzi wa chumvi, mbali huko. Nimelisema hilo kwenye kila harusi na kila msiba. Lakini unakumbuka jinsi alivyokuwa akicheka? Mkono mdomoni. Siku zote mkono mdomoni. Mama yetu akaiga, sisi tukaiga, tukadhani ndiyo adabu ya mwanamke wa kwetu. Wewe mpaka leo unacheka umejiziba kama mtu aliyeiba sukari. Nimekuwa nikijiuliza alikuwa anaficha nini. Alikuwa na ukucha kama wako? Aliwahi kukuambia kwao hasa ni wapi? Kama alikuapisha usiseme, basi kiapo kimetosha sasa, kimeshaumiza mtoto.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mlangoni, Chiriku alipoingia ndani, mkaza mwanangu akanigeukia. Unamjua huyu mwanamke, maneno yake ni ya kuhesabu. Akaniambia, "Mama, kuninyooshea kidole nimezoea. Lakini kidole hichohicho ndicho kilichoshika tupa." Halafu akasema kwa adabu kabisa, "Kwa sasa naomba usikae na mtoto peke yako."

Kwa hiyo siku hizi Chiriku akitoka shule haji kwangu. Anapita mbele ya mlango wangu anakwenda kukaa kwa fundi cherehani wa nyumba ya pili barabarani, mpaka mama yake atoke kazini. Ananiamkia, "Shikamoo bibi," bila kufumbua meno, anapita. Mimi nakaa na kigoda kitupu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Walisahau kusema mkuu mwenyewe asiposikia nani huvunjika.

Nilijaribu kuomba radhi. Nilijipanga tangu asubuhi, maneno nikayatia mstari, nikaenda jikoni kwa mkaza mwanangu. Nikafumbua mdomo, nikajisikia nasema, "Na hili sufuria nani kalisugua hivi, mbona lina masizi?" Akalichukua akalisugua tena. Nikarudi chumbani kwangu. Kiburi ni kama gundi ya mbao, mdogo wangu, ikishakauka kwenye kidole huitoi bila ngozi.

Mara ya pili sikusema kitu. Nilichukua ile tupa, nikamwekea mkononi. Hakuuliza ya nini. Aliifunga kwenye kitambaa akaiweka juu kabisa ya kabati, mahali asipofika mtoto wala mimi. Nikasimama pale, nikasema, "Nilijua la dada yangu mdogo. Nilijua, nikakusingizia wewe." Akasema, "Najua, mama." Basi. Hakuniambia imekwisha, nami sikuwa na uso wa kumwuliza.

Baba yake alikuja kumwona mjukuu. Fundi viatu alinisalimu vizuri, akaniita mkwe, akaniuliza magoti. Ningependa kukuambia nilimjibu vizuri. Nilimjibu, lakini macho yangu yalikuwa kwenye vidole vyake vyenye gundi, vilivyopasuka kama vyangu. Sijui kwa nini sikuwahi kuviona kabla.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya nikuandikie, na hapa usilale.

Dawa ya kwanza ya Chiriku ilishikilia, uvimbe umeshuka. Lakini ile ilikuwa ya muda tu. Inatakiwa itolewe, jino lisafishwe ndani, iwekwe nyingine ya kuusaidia mzizi ufunge. Tulipompeleka, alipanda kwenye kiti mwenyewe, akalala, akafunga mdomo. Akaufunga kama komeo. Mama yake akambembeleza, wapi. Mimi nikaambiwa nikae nje kwenye ngazi, na nilistahili. Daktari hakumlazimisha, alisema mtoto hafunguliwi kama sanduku. Akamwuliza taratibu ni kitu gani kingemfanya afungue.

Chiriku akajibu bila kuachanisha meno: "Nataka kuona la bibi Kucha kwanza."

Anataka kuona jino ambalo hakuna mtu aliyelipiga tupa. Kwa akili yake ya kitoto, kama wewe umezeeka nalo na liko hai, basi na lake linaweza kuishi, na mwenye kulishika si lazima aumize. Mimi nimemwambia mara nyingi kwamba lako lipo, kwamba ulipokuja kututembelea ulivunja mfupa nalo mbele ya macho yangu. Hanisadiki. Na kwa nini anisadiki? Alinisikia kwa masikio yake nikisema kwetu hakuna.

Daktari amempangia tena juma lijalo. Amesema tusichelewe zaidi ya hapo, maana ile dawa ya muda haitazuia uchafu siku zote, na usaha ukirudi jino ndilo hilo limekwenda.

Barua hii anakuletea mwanao, lori lake linapakia vioo hapa mbele yangu ninavyoandika. Ana simu yenye kamera. Akifika, usimpe chakula kwanza, usimwulize habari za njia. Kaa karibu na dirisha, mchana, uso uelekee kwenye mwanga. Inamisha kichwa nyuma. Chukua kile kioo kidogo cha kunyolea cha marehemu shemeji yangu, najua bado unacho, kiweke ndani ya mdomo chini ya jino, kielekee juu, ili mgongo wa jino na ukucha wake vionekane. Mwanao apige picha ya hapo, aitume kwenye simu ya mkaza mwanangu. Asitume kwangu. Ipite mikononi mwake.

Kisha apige nyingine ya uso mzima, unacheka, ili mtoto aone kwamba jino lile lina mwenyewe.

Daktari naye anaomba umjibu haya: je, ukucha wako uliwahi kukuuma? Uliwahi kuvunjika au kukatwa? Kati ya wanao na wajukuu zako kuna mwenye nao, au mwenye meno ya vijiko? Watazame wote, watie karibu na dirisha mmoja mmoja. Ukimkuta mwenye ukucha, apelekwe kwa daktari wa meno aonwe, na asiguswe na mtu mwenye mikono hodari. Nasema tena: mikono hodari ndiyo ya kuogopwa.

Kama una hasira na mimi, na unayo haki, kasirika ukishamaliza kupigwa picha.

Nisalimie mwanao mkubwa na mkewe, mwambie yule mkewe kwamba zile shuka nilizokosoa zilikuwa nzuri. Wasalimie wajukuu zako pacha, wasimwogope bibi yao, sitakuja na kitu mkononi. Msalimie jirani yako mwenye kuku, kama mmeshapatana; kama hamjapatana, mpatane. Mwanangu anakusalimu. Mkaza mwanangu anakusalimu, nilimwuliza niandike nini, akasema, "Mwambie mama mdogo tunamngoja."

Mungu akupe nuru ya macho na wepesi wa miguu, akuzeeshe na meno yako yote kama alivyokupa, na kila kilichoota juu yake.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kinundu chako, na mwenye vijiko nyuma ya meno.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaikunja barua, mwanao anapiga honi. Chiriku kasimama kizingitini kwangu, hakuingia. Kaniuliza naandika kwa nani. Nikamwambia, bibi yako mdogo. Akauliza, "Atakubali?" Nikasema atakubali. Akafikiri kidogo, akasema, "Mwambie asizibe mdomo na mkono. Kwenye ile picha yenu ya ukutani kaziba." Halafu akauliza kama jino likizeeka linaota ndevu, akauliza lori linakula nini, akaondoka anaongea peke yake mpaka kwa fundi cherehani. Nilikuwa sijamsikia hivyo tangu ile tupa. Umesikia wewe? Mkono uwe chini. Fanya haraka.